Coventry: Mji Uliobadili Kazi Zake

Mji wa Coventry uko katikati ya Uingereza. Zamani sifa yake ilikuwa utepe wa hariri, uliofumwa na mafundi wengi majumbani mwao. Mwaka 1860 ushuru wa hariri ya Ufaransa uliondolewa. Utepe wa kigeni ulijaa madukani, na maelfu ya wafumaji wakakosa kazi na chakula. Wengi walihama.

Lakini mafundi wa mji hawakukaa bure. Mwishoni mwa miaka ya 1860 kiwanda cha vyerehani cha James Starley na wenzake kilianza kuunda baiskeli. Mwaka 1885 John Kemp Starley, mtoto wa ndugu yake, alitoa baiskeli ambayo mnyororo wake huzungusha gurudumu la nyuma. Umbo lake ndilo la baiskeli za leo. Baadaye viwanda kadhaa vya baiskeli viligeukia motokaa.

Usiku wa tarehe 14 Novemba, 1940, mabomu ya Wajerumani yaliteketeza katikati ya mji na kuua watu zaidi ya 500. Mji ukajengwa upya. Tangu miaka ya 1970 viwanda vingi vya motokaa vimefungwa, na sasa vyuo vikuu viwili huajiri maelfu ya watu. Kazi moja hufa, bali ustadi wa mikono huhamia nyingine.