Kabla ya Kupaka Rangi Chuma cha Nje



Mara nyingi tunapewa amri: "Lile tangi lipakwe rangi leo, wageni wanakuja kesho." Nasi tunapaka juu ya kutu. Mvua chache zikipita rangi inavimba na kubanduka, na anayeitwa ofisini ni mpakaji. Katika kiwanda kimoja cha sukari wenzetu wawili walikatwa mshahara wa siku tatu kwa sababu ya haraka ya mkubwa. Tangu hapo tunasema wazi: matayarisho ndiyo kazi yenyewe, nayo yapewe siku zake.

Kutu hushika maji. Ukiifunika kwa rangi, inaendelea kula chuma chini kwa chini. Kwanza osha mafuta na vumbi kwa maji ya sabuni, kisha suuza. Wengi huanza na msasa, nao unayasambaza tu mafuta. Halafu kwangua rangi iliyolegea, sugua kutu kwa brashi ya waya, malizia kwa msasa. Futa, acha pakauke kabisa, upake rangi ya kwanza ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo kabla ya umande, maana chuma kilicho wazi hakichelewi kushika kutu. Kwenye kingo na maungio paka mara mbili. Kutu hupenda kuanzia huko. Mabati mapya yenye zinki hayashiki rangi ya mafuta ya kawaida. Yana rangi yake ya kwanza.

Sasa hatari. Rangi nyingi za zamani, hasa ile nyekundu ya chini kwenye vyuma, zilitiwa madini ya risasi. Ukizikwangua kavu au kuzichoma moto, vumbi na moshi wake ni sumu: huumiza tumbo, damu na mishipa ya fahamu. Vumbi likienda nyumbani na nguo zako, linaharibu ubongo wa mtoto. Kwa hiyo lowesha kwanza ndipo ukwangue. Usile wala kuvuta sigara hapo. Kitambaa cha kufunga puani hakisaidii kitu. Kinatakiwa kinyago chenye chujio.

Madai haya hatukuyabuni sisi. Mkataba Namba 13 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1921, unaohusu rangi nyeupe ya risasi, unataka vumbi la kukwangua pakavu lizuiwe panapowezekana, wapakaji wapate mahali pa kunawa, na wavae ovaroli muda wote wa kazi. Mwaka 1921! Na bado kuna mahali tunaambiwa sabuni ni gharama.

Wakileta mashine ya kurusha mchanga, ulizeni ni mchanga gani. Vumbi la mchanga wa kawaida huharibu mapafu, na hayaponi tena.

Viongozi wa matawi, mwandikieni meneja kabla kazi haijaanza. Tajeni siku za matayarisho, maji, sabuni, vinyago, na ovaroli zifuliwe kazini. Nakala moja ibaki tawini.