Fuvu na Mwenye Fuvu: Jinsi Mifupa Inavyowatambulisha Wafu

Mifupa ya binadamu hutunza habari nyingi za maisha ya mwenye nayo, kama vile umri aliofariki nao, maradhi yaliyomsumbua utotoni na hata aina ya ardhi iliyomlea, lakini jina lake haitunzi. Pengo hilo limewahangaisha wote waliotafuta mabaki ya Waafrika yaliyopelekwa Ujerumani enzi za ukoloni, na linaonekana wazi katika fuvu lililohifadhiwa kwenye makumbusho ya Kalenga, mkoani Iringa, kuwa ni la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe.

Mkwawa alijipiga risasi Julai 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, nao wakamkata kichwa. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kiliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu lake, ila halikupatikana hadi Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipokwenda Bremen na kukuta katika makumbusho ya huko mafuvu yapatayo 2,000, ambayo 84 kati yake yalitoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alichagua moja lililokuwa na tundu la risasi na ambalo kielelezo chake cha kichwa, yaani upana wa fuvu ukigawanywa kwa urefu wake kisha kuzidishwa kwa 100, kilikaribiana na cha jamaa za Mkwawa waliokuwa hai. Mwaka 1954 fuvu hilo lilikabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge.

Kisayansi, ushahidi huo ni mwembamba. Kielelezo cha kichwa, kilichobuniwa na Msweden Anders Retzius katika miaka ya 1840, kilikusudiwa kuyapanga makundi ya watu, kazi ambayo nayo hakikuiweza. Kumtambulisha mtu mmoja hakiwezi kabisa, kwa kuwa watu maelfu wasio na undugu wowote huwa na uwiano uleule, huku ndugu wa tumbo moja wakitofautiana. Inashangaza kwamba kipimo kilichotumiwa na wakoloni kuhalalisha ukusanyaji wa mafuvu ndicho kilichotegemewa kulirudisha mojawapo.

Mtaalamu wa leo angeanza na tundu lenyewe, kwani risasi inapoingia kwenye fuvu huacha ukingo mkali upande wa nje na kupanua mfupa upande wa ndani mithili ya faneli, na inapotoka hali huwa kinyume chake; kingo zilizoanza kuwa laini na mviringo humaanisha kuwa majeruhi aliishi baada ya kupigwa. Kisha angeyageukia meno. Enameli, yaani tabaka gumu linalofunika jino, hujengeka utotoni na haijirekebishi tena, hivyo mifereji midogo iliyokatiza jino hubaki kuwa kumbukumbu ya njaa au ugonjwa mkali uliosimamisha ukuaji kwa muda. Ndani ya enameli hiyohiyo mna strontiamu, elementi inayotoka kwenye miamba na kumfikia mtoto kupitia maji na chakula, na uwiano wa isotopu zake, yaani atomi za elementi moja zenye uzito tofauti, huwa juu penye miamba ya kale sana kama ya Iringa na chini penye miamba michanga ya volkano kama ya Kilimanjaro. Kwa kipande kidogo cha jino, basi, aliyekulia Uheheni anaweza kutofautishwa na aliyekulia Uchagani, ingawa hilo bado halitoi jina.

Jina hupatikana pale vinasaba vinapolinganishwa na vya wazao. Vinasaba hudumu zaidi katika mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani, na kromosomu Y, ambayo baba humrithisha mwanawe wa kiume, huwezesha ukoo kufuatiliwa kwa vizazi kadhaa. Septemba 2023 taasisi ya Berlin inayosimamia makumbusho ya Prussia, iliyokuwa imechunguza asili ya mafuvu yapatayo 1,100 kutoka Rwanda, Tanzania na Kenya, ilitangaza kuwa imewapata ndugu walio hai wa watu watatu, mmoja wao akiwa mtu aliyejulikana kama Akida, mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga. Hata hapo maabara haikufanya kazi peke yake: bila maandishi yaliyoachwa na wakusanyaji, na bila familia zilizokubali kutoa mate yao, watafiti wasingejua walinganishe fuvu lipi na nani. Fuvu la Meli mwenyewe, aliyenyongwa Machi 1900, halikuwa miongoni mwa hayo matatu.

Fuvu la Kalenga nalo linaweza kupimwa kwa njia hiyo, kwa kuwa wazao wa Mkwawa wapo na wanajulikana. Kipimo hicho, hata hivyo, hulazimu mfupa utobolewe na kusagwa kuwa unga, na kwa ukoo uliolipokea fuvu hilo kwa heshima zaidi ya miaka 70 iliyopita, kulitoboa tena ni jambo la kuamuliwa na wenye mzee wao.