Oanisha na Unganisha: Vitenzi Viwili Visivyobadilishana Nafasi

Katika maelekezo ya Kiswahili ya vipokea sauti visivyo na waya, vile vidogo vinavyovaliwa masikioni, kitenzi *unganisha* mara nyingi hubebeshwa maana mbili. Mtumiaji mwenye simu moja huenda asipate taabu. Anayetumia vipokea sauti hivyohivyo kwa simu na kompyuta hupotea njiani, kwa kuwa maelekezo hayamwambii yuko katika hatua ipi.

Kwa umbo, vitenzi hivi ni ndugu. Kutokana na *unga* hupatikana *ungana*, kisha *unganisha*; kutokana na *oa* hupatikana *oana*, kisha *oanisha*. Kiambishi *-an-* huonyesha kutendana, na *-ish-* huonyesha kusababisha. *Oana* haihusu ndoa pekee: husemwa pia kwamba maelezo hayaoani na picha, yaani hayapatani. Hivyo *oanisha* ni kufanya vitu viwili vipatane. Isichanganywe na *oza*: mzazi humwoza bintiye, bali mtumiaji huoanisha vifaa.

Tofauti ya maana inatokana na namna teknolojia ya Bluetooth inavyofanya kazi. Kuoanisha ni kuvitambulisha vifaa viwili kwa mara ya kwanza. Vifaa hukubaliana ufunguo wa siri, na kila kimoja huuhifadhi. Kuunganisha ni kufungua mawasiliano kwa kutumia ufunguo uliokwisha kuhifadhiwa. Kwa kawaida, tendo la kwanza hufanyika mara moja kwa kila simu au kompyuta. La pili hurudiwa kila vipokea sauti vinapotumika.

Vipokea sauti vingi vinaweza kukumbuka vifaa kadhaa, lakini si vyote vinavyoweza kuunganishwa na viwili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mwalimu aliyesikiliza redio kwa simu huweza kufungua kompyuta ili aingie mkutanoni, akakuta vipokea sauti vyake *vimeoanishwa* lakini *havijaunganishwa*: simu bado imevishikilia. Mfasiri aliyetumia neno moja kwa hali zote mbili humwachia mwalimu huyo sentensi inayojipinga: vimeunganishwa, lakini havijaunganishwa.

Kinyume cha kila kitenzi nacho kina neno lake. *Tenganisha* hukata mawasiliano ya wakati huo, nao ufunguo hubaki. *Sahau*, kama amri katika orodha ya vifaa, hufuta ufunguo wenyewe. Mwalimu aliyetajwa anahitaji kutenganisha vipokea sauti na simu, kisha kuviunganisha na kompyuta. Akielekezwa kusahau, atalazimika kuvioanisha upya na simu atakapoirudia.

Linganisha:

Si sahihi: *Unganisha vipokea sauti na kompyuta mara moja tu, baada ya hapo vitaunganishwa vyenyewe.*

Sahihi: *Oanisha vipokea sauti na kompyuta mara moja tu, baada ya hapo vitaweza kuunganishwa bila kuoanishwa tena.*

Sentensi ya kwanza ina kosa jingine la maana: inaahidi jambo lisilo na hakika. Vipokea sauti huweza kujiunga na kifaa kilichotumika mwisho, wala si kile ambacho mtumiaji anakitaka.

Kwa upande wa nomino, *uoanishaji* na *uunganishaji* hutaja vitendo, ilhali *muunganisho* hutaja matokeo. Kwa hiyo huandikwa *muunganisho umekatika*, si *uunganishaji umekatika*.

Kabla ya kuchagua kitenzi, mfasiri ajiulize swali moja: je, vifaa hivi vinajuana tayari? Kama bado, ni *oanisha*. Kama vinajuana, ni *unganisha*.