Kompyuta Ndogo kwa Skrini Kubwa: Yampasayo Mnunuzi Kuyajua Kabla ya Kutoa Fedha

Kununua kompyuta ni jambo lililokwisha kuingia katika hesabu za nyumba nyingi za askari na polisi, kama lilivyoingia zamani jambo la kununua redio na cherehani. Watoto huitaka kwa masomo, mama huitaka kwa biashara yake ndogo, na baba aliyekaribia kustaafu huitaka kwa kazi atakayoianza atakapovua sare. Lakini fedha za kununulia chombo hicho ni zile zile za karo, za chama cha akiba na mikopo, na pengine za kiinua mgongo chenyewe. Kwa hiyo kosa likitokea katika ununuzi huo, anayeumia si muuzaji wala fundi. Ni jamaa nzima, nayo huendelea kulilipia kosa hilo kila mwezi mkopo unapokatwa katika mshahara.

Miongoni mwa kompyuta za mezani zipo zile ndogo ambazo hazipiti ukubwa wa kitabu kinene. Lenovo ThinkCentre ya aina ya Tiny, Dell OptiPlex ya aina ya Micro na HP EliteDesk ya aina ya Mini, zote zina urefu wa kama sentimita 18 kila upande na unene upatao sentimita 3 na nusu. Zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi, na nyingi huja madukani baada ya maofisi hayo kuzibadilisha, hivyo bei yake huwa chini sana kuliko ya mashine mpya.

Kwa askari zina faida nyingine. Barua ya uhamisho ifikapo, kompyuta ya namna hiyo huviringishwa katika blanketi na kutiwa ndani ya sanduku la bati pamoja na viatu. Nyumbani haidai meza ya peke yake, kwani huweza kufungwa kwa skrubu nyuma ya skrini. Tena haili umeme mwingi. Chaja yake kwa kawaida ni ya wati 65 au 90, na mashine inapofanya kazi nyepesi hutumia chini sana ya hapo.

Taabu huanza pale kompyuta hiyo ndogo inapounganishwa na skrini kubwa ya siku hizi, ile iandikwayo 4K juu ya sanduku lake. Picha hutokea, tena nzuri. Lakini mshale wa kipanya huruka kama panzi badala ya kuteleza, maandishi hushtukashtuka yanapopandishwa, na filamu ya arusi hukwama kila baada ya muda. Mwenye nyumba hudhani ameuziwa mashine mbovu, muuzaji husema skrini ndiyo mbaya, na fundi hushauri inunuliwe kompyuta nyingine iliyo kubwa zaidi. Aghalabu wote watatu wamekosea.

Kila askari aliyewahi kusafiri katika msafara wa magari anajua ya kuwa msafara hauendi kwa mwendo wa gari lenye nguvu kuliko yote, bali kwa mwendo wa lile lililo la polepole. Picha nayo, tangu inapochorwa ndani ya kompyuta hadi inapofika machoni, husafiri katika msafara. Imo prosesa, imo kumbukumbu, limo tundu, umo waya, na mwisho imo skrini yenyewe. Kimoja kikichelewa, vyote huchelewa. Basi kazi ya mnunuzi ni kulitafuta gari la polepole kabla ya kununua gari jipya.

NUKTA MILIONI NANE

Skrini huonyesha picha kwa nukta ndogo sana ziitwazo pikseli. Skrini ya kawaida, ambayo wauzaji huiita Full HD, ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, jumla yake 2,073,600. Skrini ya 4K ina nukta 3,840 kwa upana na 2,160 kwa kimo, jumla yake 8,294,400, yaani mara 4 kamili. Faida yake yaonekana mara moja, kwani herufi huwa nyororo kama zilizopigwa chapa kitabuni, na kurasa mbili huweza kusomwa kando kwa kando.

Lakini nukta zote hizo hupasa kuchorwa upya mara 60 katika kila sekunde moja ili jicho lione mwendo laini. Hesabu yake ni karibu nukta milioni 498 kwa sekunde. Zikichorwa mara 30 tu, picha iliyotulia haitadhurika, ila kila kinachotembea kitaonekana kinaruka. Hilo ndilo gari la polepole linalosahauliwa mara nyingi, na chanzo chake huwa ni tundu au waya, hata kama kompyuta yenyewe ina nguvu ya kutosha.

TUNDU NA WAYA

Tundu linalojulikana zaidi ni lile la HDMI, ambalo pia limo katika televisheni. Toleo lake la 1.4, lililotolewa mwaka 2009, hupitisha picha kamili ya 4K mara 30 tu kwa sekunde. Toleo la 2.0, lililotolewa mwaka 2013, ndilo lililofikisha mara 60. Ubaya ni kwamba matundu ya matoleo hayo mawili hayatofautiani kwa sura hata kidogo, na muuzaji asiyejua atasema kwa moyo safi kwamba yote ni mamoja.

Tundu la pili ni lile la DisplayPort, ambalo hutambulikana kwa pembe yake moja iliyokatwa. Hilo, tangu toleo la 1.2 la mwaka 2010, huweza kupitisha 4K mara 60 kwa sekunde. Kompyuta ndogo zilizotumika zenye prosesa za Intel za kizazi cha 6 hadi cha 9 zina jambo hili hasa: sehemu yake ya kuchora picha, inapotumia HDMI, huishia toleo la 1.4, isipokuwa mtengenezaji ameongeza kifaa cha kugeuza. Lakini inapotumia DisplayPort huenda mara 60 bila shida. Hivyo majirani wawili wenye mashine za aina moja huweza kuona mambo mawili tofauti kwa sababu ya tundu walilochagua tu. Dawa ya yule mwenye taabu ni waya wa DisplayPort, ambao bei yake haifiki hata kidogo bei ya kompyuta nyingine.

Ikiwa skrini yenyewe ina HDMI peke yake, adapta ya kuunganisha itahitajika, nayo lazima iwe ile iliyoandikwa kwamba hufikisha 4K kwa 60 Hz, kwa maana zile za bei ya chini kabisa nyingi huishia 30. Tundu la zamani la VGA, lenye rangi ya buluu na vitundu 15, halifai kwa kazi hii. Na tundu dogo la USB-C yafaa liulizwe kwanza, kwani mengine hupitisha picha na mengine hayapitishi.

Kuna pia skrini ambazo zenyewe hufungia tundu lake katika toleo la zamani mpaka mwenyewe aingie katika orodha ya marekebisho na kulifungua. Jambo hilo halina gharama yoyote, ila kusoma kijitabu kilichomo sandukuni.

NGUVU ILIYOMO NDANI

Baada ya tundu na waya huja prosesa. Kizazi chake husomwa katika jina: i5-6500T ni ya kizazi cha 6, i5-8500T ni ya kizazi cha 8, na i5-10500T ni ya kizazi cha 10. Herufi T mwishoni huonyesha prosesa itumiayo umeme kidogo. Kwa kuandika na kufanya hesabu hata kizazi cha 6 chatosha. Lakini filamu za 4K za mtandaoni zimebanwa kwa namna ambayo kizazi cha 6 huzifungua kwa jasho, na kuanzia kizazi cha 7 Intel iliweka sehemu maalumu ya kuzifungua kwa urahisi.

Sababu nyingine ya kutorudi nyuma mno ni usalama. Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, nayo Windows 11, kwa prosesa za Intel, kwa jumla hukubali kuanzia kizazi cha 8. Mashine ya kizazi cha 6 huuzwa rahisi kwa sababu hiyo, na anayeinunua yampasa ajue kwamba huenda akalazimika kuhamia mfumo wa Linux, ambao mingi ya namna zake hutolewa bure.

Kumbukumbu nayo ina siri yake. Kompyuta hizi ndogo kwa kawaida hazina kumbukumbu ya pekee ya kuchorea picha. Hukopa ile ile ya kazi nyingine. Gigabaiti 8 ndicho kiasi cha chini cha kuvumilika, na 16 ni kiasi cha raha. Tena ni heri vipande viwili vya gigabaiti 8 kuliko kimoja cha 16, kwa kuwa vipande viwili hufungua njia mbili za kupitishia habari, na sehemu ya kuchora picha hupata nafasi ya kutosha. Diski na iwe ya SSD, maana ile ya zamani ya kuzunguka itamchelewesha mtu hata kama mengine yote ni mazuri.

Hata hivyo mnunuzi asidanganyike. Mashine hizi hufaa kwa barua, hesabu, masomo, kadi, picha na filamu za kutazama. Michezo mizito ya vijana katika 4K haiziwezi, na anayetaka kuhariri filamu ndefu kila siku yampasa atafute mashine kubwa zaidi.

MFANO WA JAMAA MOJA

Ichukuliwe jamaa ya sajini aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Mkewe hutengeneza kadi za arusi na vijitabu vya mazishi kwa ajili ya watu wa kambi na mtaa wa jirani, naye huifanya kazi hiyo kwa kompyuta ndogo ya kizazi cha 8 yenye kipande kimoja cha kumbukumbu cha gigabaiti 8. Amenunua skrini ya 4K ya inchi 27, akaiunganisha kwa waya wa HDMI, na sasa mshale unaruka. Ameshauriwa achukue mkopo anunue kompyuta mpya. Wakati huo huo binti yao anangojewa na karo ya kidato.

Kwa hesabu iliyoelezwa hapo juu, mama huyo hahitaji mkopo. Waya wa DisplayPort utamfikisha 60, na kipande cha pili cha gigabaiti 8 kitaipa mashine njia ya pili. Gharama ya vitu hivyo viwili ni sehemu ndogo tu ya bei ya kompyuta mpya, na karo itabaki mahali pake.

Nayo jamaa ambayo bado haijanunua skrini ina njia ya katikati. Ipo skrini ya nukta 2,560 kwa 1,440, jumla yake 3,686,400, ambayo hata HDMI ya toleo la 1.4 huipitisha mara 60 kwa sekunde. Yafaa ikumbukwe kwamba katika skrini ya 4K ya inchi 27 maandishi huwa madogo mno mpaka yakuzwe, aghalabu kwa asilimia 150. Na yakikuzwa hivyo, nafasi ya kufanyia kazi huwa sawa na ile ya skrini ya kati, ingawa herufi ni nyororo zaidi.

DUKANI NA NYUMBANI

Mnunuzi mwangalifu hatoi fedha kwa maneno matupu. Huomba kompyuta iwashwe dukani pamoja na skrini ya 4K, kwa waya ule ule atakaokwenda nao. Katika Windows hufunguliwa marekebisho ya skrini, kisha sehemu ya marekebisho ya ziada, na hapo huonekana mambo mawili: 3,840 kwa 2,160, na 60 Hz. Palipoandikwa 30, waya au tundu libadilishwe kwanza. Kisha huchezeshwa filamu ya 4K kwa dakika kumi, na mkono huwekwa karibu na matundu ya hewa ili kusikiliza kama feni inalia isivyo kawaida. Chaja nayo itazamwe: iliyoandikwa volti 100 hadi 240 hufaa kwa umeme wa nyumbani.

Nyumbani, kitambaa cha kufuma kilichofunika redio miaka yote kisiifunike kompyuta hii. Sanduku lake ni dogo, joto halina pa kukimbilia, na prosesa ikipata joto hupunguza mwendo wake yenyewe. Vumbi lipulizwe kila baada ya miezi michache, mashine ikiwa imezimwa.

Mwisho, jina la prosesa, kiasi cha kumbukumbu, aina ya tundu, tarehe ya kununua na namba ya mashine yaandikwe katika daftari la nyumba, pamoja na stakabadhi na muda wa dhamana. Siku ya uhamisho fundi mwingine ataanzia hapo, badala ya kuanza kwa kubahatisha. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.