Fedha Zitakapopatikana

Lipo jibu moja ambalo mwananchi wa Kenya amelisikia tangu enzi za mabaraza ya miji hadi leo katika mabunge ya kaunti: kazi hiyo itafanywa fedha zitakapopatikana. Mwakilishi wa wadi, ambaye watu bado humwita diwani, huuliza kwa nini zahanati ya kwao haina dawa, au kwa nini soko halina choo, au ni lini taa za kituo cha matatu zitawaka tena. Waziri wa kaunti anayehusika huandika kurasa mbili za maelezo, na mwishoni huyaweka maneno hayo mawili. Diwani hushukuru, Spika huita shughuli inayofuata, na mama aliyepeleka mtoto zahanati hurudi na kijikaratasi cha kununulia dawa dukani.

Sisi twaona kwamba jibu hilo halistahili kupokewa namna hiyo. Hatusemi ni la uongo. Mara nyingine ni kweli tupu. Lakini aliyeuliza amesahau jambo moja. Bajeti ya kaunti hupitishwa na Bunge la Kaunti. Diwani anayeambiwa leo kwamba fedha hazijapatikana ndiye aliyekubali, kabla ya mwaka wa fedha kuanza, zitumike kwa jambo hili na zisitumike kwa lile. Akilipokea jibu hilo kimya, anakubali kuambiwa na mtu mwingine habari za sanduku alilolifunga kwa mkono wake mwenyewe.

Msomaji aliye mtu mzima atakumbuka kwamba diwani wa zamani alikuwa na udhuru. Baada ya Uhuru mabaraza ya kaunti ya wakati ule yalishughulikia shule za msingi, afya na barabara. Kwa sheria ya mwaka 1969 kazi hizo zilihamishiwa Serikali Kuu, isipokuwa katika Nairobi na manispaa chache. Hata Nairobi haikusalimika: baraza lake lilivunjwa mwaka 1983, na jiji likaongozwa na tume hadi mwaka 1992. Diwani wa mashambani aliyeulizwa habari za zahanati aliweza kunyoosha kidole kuelekea wizarani, na hakuwa amedanganya. Tena hakuwa na waziri wa kumwuliza. Baraza lilifanya kazi kwa kamati zake, na waliokuwa wakiuliza ndio hao hao waliokuwa wakitakiwa kujibu.

Udhuru huo ulikoma kwa uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013. Mabaraza 175 ya zamani yaliondoka, zikaja kaunti 47 na wadi 1,450. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezitaja kazi za kaunti waziwazi, wala halihitaji wakili wa kulifasiri: hospitali na vituo vya afya vya kaunti, magari ya wagonjwa, masoko, maji na usafi, takataka, makaburi, taa za barabarani, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, kuzima moto, maktaba, viwanja vya michezo. Karibu kila kitu ambacho mtu hukigusa kwa mkono tangu asubuhi hadi jioni kimo humo. Leo diwani akinyoosha kidole kuelekea Nairobi kwa habari ya choo cha soko, anajipumbaza au anatupumbaza sisi.

Pamoja na kazi hizo, Katiba iliweka utaratibu ambao wengi wetu hatujauzoea. Waziri wa kaunti si diwani. Gavana humteua mtu kutoka nje ya Bunge, Bunge likamwidhinisha, na hesabu ya mawaziri hao haizidi kumi. Katika mabaraza mengi ya England, chini ya sheria yao ya mwaka 2000, mambo ni kinyume: kiongozi wa baraza huchagua wenzake miongoni mwa madiwani, nao pia hawazidi kumi pamoja naye, na kila mmoja hukabidhiwa idara, huyu maktaba na yule makazi. Diwani wa huko akiuliza swali, anayetakiwa kujibu ameketi ukumbini pamoja naye na amechaguliwa na watu kama yeye. Kwetu waziri yuko ofisini mwake. Kiti cha Bunge si chake, na kura ya wadi hakuiomba.

Hapo ndipo swali huanza kupoteza nguvu. Kwa desturi ya mabunge yetu mengi, diwani husimama na kuomba taarifa kutoka kwa mwenyekiti wa kamati inayohusika, tuseme kamati ya afya. Mwenyekiti huiandikia wizara. Wizara hukaa nalo wiki mbili, au tatu, au hata Bunge likaenda likizo na kurudi. Hatimaye karatasi huja, na mwenyekiti huisoma ukumbini. Lakini mwenyekiti si mwenye jibu, ni msomaji wa jibu la mwingine. Akiulizwa swali la nyongeza, kwamba dawa zilizotajwa katika karatasi zilifika zahanati ipi na siku gani, hana la kusema ila kuahidi kwamba atarudi wizarani kuuliza. Mzunguko unaanza upya. Tumeona heri waziri anayejibu vibaya mbele ya watu kuliko karatasi nzuri isiyoweza kuulizwa neno.

Taifa zima lilikutana na tatizo lilo hilo. Mawaziri wa Serikali Kuu walipotolewa Bungeni na Katiba mpya, wabunge walikaa miaka mingi wakisomewa majibu na wenyeviti wa kamati, mpaka mwaka 2023, kanuni zilipokwisha badilishwa, mawaziri wakaanza kuja ukumbini kujibu wenyewe. Hatuoni sababu ya mabunge ya kaunti kuogopa njia hiyo, kwani kanuni za kudumu za Bunge ni mali ya Bunge lenyewe.

Hata bila kubadilisha kanuni, diwani hajafungwa mikono. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 chasema kwamba kamati ya Bunge yaweza kumtaka waziri afike mbele yake na kujibu swali lolote linalohusu kazi yake. Kifungu cha 195 cha Katiba kinakwenda mbali zaidi: Bunge la Kaunti na kamati zake wana uwezo kama wa Mahakama Kuu wa kumwita mtu yeyote, kumhoji kwa kiapo, na kudai hati ziletwe. Na kwa waziri aliyeshindwa kabisa, kifungu cha 40 cha sheria ile ile kimeweka ngazi zake: hoja iungwe mkono na thuluthi ya wajumbe, kamati ya watu watano ichunguze, mwenyewe apewe nafasi ya kujitetea, na Bunge likipitisha azimio gavana hana budi kumwondoa. Twataja ngazi hizi si kwa kuwachochea watu wazikimbilie. Bunge linalotishia kumfukuza waziri kila mwezi huishia kutokuogopwa na waziri yeyote.

Basi turudi kwenye yale maneno mawili. Waziri anapotamka kwamba fedha hazijapatikana, huenda anasema moja kati ya mambo matatu yasiyofanana hata kidogo. La kwanza, kwamba kazi hiyo haikuwekwa katika bajeti. Hapo lawama ni ya Bunge kama ilivyo ya wizara, na dawa yake ni kuiweka. La pili, kwamba iliwekwa lakini Hazina ya Kitaifa imechelewesha mgao wa kaunti, jambo ambalo limetokea mara nyingi, na waziri hapaswi kusulubiwa kwa kosa lisilo lake. La tatu, kwamba fedha ziliwekwa, zikaja, zikaenda kwingine. Hilo ndilo lenye uzito, na ndilo hujificha vizuri zaidi nyuma ya yale mawili ya kwanza.

Kuyapambanua hakuhitaji ramli. Fedha hazitoki katika Hazina ya Mapato ya Kaunti bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti, na afisa huyo hutoa ripoti kila robo ya mwaka inayoonyesha kilichotolewa na kilichotumika. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hufuata na yake. Diwani akiingia kamatini na kitabu cha bajeti mkono mmoja na ripoti ya robo mwaka mkono wa pili, jibu la fedha zitakapopatikana halitadumu dakika tano. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Kaunti nyingi zimeshindwa kufika hapo katika matumizi halisi, na swali la mahali asilimia hiyo ilikopotelea ni swali halali la diwani yeyote, hata wa wadi yenye kila kitu.

Tuichukue zahanati kwa mfano, maana hapo ndipo swali baya na swali zuri huonekana kwa urahisi. Diwani huuliza, “Je, Waziri anafahamu kwamba zahanati ya wadi yangu haijafunguliwa?” Waziri hujibu kwamba anafahamu. Limekwisha. Swali la namna hiyo tulilirithi kutoka Bunge la zamani, lina adabu nyingi na meno machache. Afadhali aulize: jengo lilikamilika tarehe ngapi; mhudumu wa kulifungua ametengewa mshahara katika fungu gani; umeme na maji ni kazi ya mkandarasi au ya wizara; dawa ziliagizwa lini na kwa kiasi gani. Jengo ni fedha za mara moja. Muuguzi, dawa na mlinzi ni fedha za kila mwezi, na kaunti ambayo hujenga bila kuhesabu hizo za pili huishia kuwa na kuta zilizopakwa rangi na kufuli mlangoni, popo wakiwa ndio wagonjwa wa kwanza. Tangu Juni 2013 zahanati na vituo vya afya vya umma havitakiwi kutoza mgonjwa ada. Kwa hiyo havina pa kukimbilia kaunti isipovikumbuka. Sheria ya mwaka 2023 inataka fedha zinazokusanywa na hospitali na vituo vya afya vya umma zibaki huko huko vikazitumie. Diwani mwenye hospitali katika wadi yake na aulize kama zinabaki kweli, au zingali zikipelekwa makao makuu ya kaunti.

Hatutakuwa waungwana tukiwalaumu mawaziri peke yao. Wapo madiwani ambao swali kwao ni bidhaa: huliwasilisha kwa kishindo Jumanne, na kufikia Alhamisi limeondolewa, na barabara ya mahali fulani imepata changarawe. Wapo pia wanaotaka wenyewe washike fedha za maendeleo ya wadi na kugawa kazi. Sheria ile ya 2012, katika kifungu cha 9, imemkataza mjumbe wa Bunge la Kaunti kuingia katika kazi za utendaji au kutoa huduma kana kwamba yeye ni mtumishi wa kaunti. Wengine huona katazo hilo ni la kuwaonea. Sisi twaona ni la kuwalinda, maana aliyechagua mkandarasi wa choo hawezi tena kuuliza kwa uso mkavu kwa nini choo kimeanguka.

Na wakati wa kuuliza una maana yake. Swali linaloulizwa mwezi Mei, makadirio yakiwa yamekwisha fika Bungeni, limekuja kuzika. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hutakiwa kuletwa Bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba kupita, karatasi ya mkakati wa fedha kabla ya mwisho wa Februari, na makadirio yenyewe kabla ya mwisho wa Aprili. Anayetaka zahanati ipate muuguzi mwakani aanze kuuliza mwezi Septemba, arudie Februari, na ahakikishe Aprili kwamba jina la zahanati hiyo na mshahara wa muuguzi huyo vimo katika kitabu. Baada ya hapo, waziri akija kusema kwamba fedha hazijapatikana, pana ukurasa wa kumfungulia.

Ahadi zilizotolewa kamatini nazo zina mlinzi wake. Mabunge yetu mengi yana Kamati ya Utekelezaji, iliyowekwa kufuatilia maazimio ya Bunge na ahadi za serikali ya kaunti. Ni kamati isiyogombewa. Haina safari nyingi wala vishindo, na kazi yake ni kushika orodha na kuuliza limefanyika au halikufanyika. Tungefurahi kuona wajumbe wenye bidii wakiiomba.

Kuna jambo dogo tungependa kuona likianza, nalo haligharimu kitu. Katiba, katika kifungu cha 196, inalitaka Bunge la Kaunti lifanye shughuli zake kwa uwazi na kuwashirikisha wananchi. Majibu ya mawaziri huandikwa, hupigwa muhuri, na hubaki katika kumbukumbu za Bunge ambako mwuza mboga hafiki. Karani wa Bunge na atoe nakala ya kila jibu, kwa Kiswahili, ibandikwe mahali penyewe palipoulizwa: jibu la soko kwenye lango la soko, jibu la zahanati kwenye mlango wa zahanati, likiwa na tarehe na sahihi ya waziri. Wanaopanga foleni hapo alfajiri watalisoma, na wasioweza watasomewa na wenzao, na kila atakayepita ataangalia tarehe ile na kuhesabu miezi.