Gari Kuukuu Likikataa Kuwaka: Kosa ni la Betri?

Kwa nini taa za gari hufifia dereva anapowasha injini? Watahiniwa wengi hujibu "kwa sababu betri ni dhaifu" na kupoteza alama. Taa hufifia hata betri ikiwa mpya. Tuchukue gari halisi: Volkswagen Beetle ya volti 12, lile lenye umbo la kobe, ambalo injini yake iko nyuma na betri iko chini ya kiti cha nyuma.

Betri iliyojaa, ikiwa haitoi mkondo, husoma takriban volti 12.6. Ukizungusha ufunguo, stata huvuta mkondo mkubwa. Tuseme ampea 150. Betri nayo ina ukinzani wake wa ndani. Ukiwa omu 0.02, volti zinazopotea humo ni 150 × 0.02 = 3. Kwenye vichwa vya betri hubaki volti 9.6, na taa hupata umeme wake hapo hapo. Andika hesabu hiyo, mwalimu anayesahihisha hatakuwa na la kubisha.

Sasa gari limegoma. Unasikia "tak" moja, kisha kimya. Baba yangu mdogo alipatwa na hili. Akachukua fedha aliyoiweka kwa ada ya mwanawe, akanunua betri mpya, na gari likajibu "tak" ileile. Kilichokuwa kibovu ni kiungo cha waya wa ardhi, kilichokuwa kimeota unga wa kijani.

Tuichukulie stata kama kikinza cha omu 0.064 (9.6 ÷ 150), na kiungo kile kichafu kiwe na omu 0.03. Jumla ya ukinzani ni 0.02 + 0.03 + 0.064 = 0.114. Mkondo hushuka hadi ampea 110.5, na stata hupata volti 7.1 tu. Lakini angalia vichwa vya betri: 12.6 − (110.5 × 0.02) = volti 10.4. Zimepanda! Stata imedhoofika ilhali betri inasoma juu kuliko kawaida.

Hapo ndipo penye jibu. Weka gia huru, vuta breki ya mkono, pima vichwa vya betri mwenzako akiwa ameshikilia ufunguo. Volti zikiporomoka sana, ishuku betri. Zikibaki juu, tafuta kiungo kibovu. Weka ncha moja ya voltimita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye bodi ya stata: katika mfano wetu utasoma volti 3.3, ambazo zingepaswa kuwa karibu na sifuri. Kabla ya kusafisha, fungua kwanza waya wa ardhi, na usisogeze moto karibu, kwani betri hutoa haidrojeni.

Beetle ina ugonjwa wake mwingine: huwaka asubuhi, hugoma mchana baada ya safari. Waya mwembamba unaoamsha solenoidi ya stata hutoka nyuma, hupita kwenye swichi ya ufunguo mbele, kisha hurudi nyuma. Ni safari ndefu, na swichi yenyewe imezeeka. Joto la injini nalo huongeza ukinzani wa koili ya shaba ndani ya solenoidi, hivyo mkondo hautoshi kuivuta. Mafundi hufunga rilei karibu na stata ili njia iwe fupi.

Injini ikizunguka vizuri bila kuwaka, umeme wa stata hauna kosa. Angalia cheche kwenye plagi, mwanya wa platina (milimita 0.4) na petroli kwenye kabureta.

Zoezi: Beetle za awali zilitumia volti 6. Ikiwa stata inahitaji wati zilezile, mkondo utakuwa mara ngapi ya ule wa volti 12, na nguvu inayopotea kwenye waya uleule mara ngapi? (Majibu: mara 2, mara 4.)