Nzi Wadogo Nyumbani: Tafuta Mahali Wanapozaliwa

Je, kwako pia ni hivi? Unafunua kikapo cha ndizi, nzi wadogo wanakurukia usoni. Unamimina chai, mmoja anaanguka ndani. Mgeni ameketi, nawe unapunga mkono mpaka unaona haya.

Acha niungame kosa langu. Mwaka mmoja, kisha sikukuu ya mavuno, jikoni kwetu kulijaa ndizi. Mke wangu akauliza: "Papa, hizi inzi zitaisha lini?" Nikapuliza dawa ya nyanya, ile ya shamba. Siku chache kukawa kimya. Kabla ya wiki mbili kwisha, wakarudi wengi zaidi. Na dawa iliyobaki nilikuwa nimeitia katika chupa ya soda, chini ya meza. Jioni moja nikamkuta mtoto wetu mdogo ameishika, anajaribu kufungua kifuniko. Nilitetemeka. Nzi wale hawakuwa wamemdhuru mtu. Mimi njo nilikuwa karibu kumwua mtoto wangu.

Basi jifunze pamoja nami: nzi unayemwona si shida yenyewe. Shida ni pale anapotaga mayai.

WATAMBUE KWANZA

Nzi wa matunda ana macho mekundu na urefu wa milimita 3 hivi. Anapenda kitu kinachochacha: ndizi, nanasi, bidoni ya kasiksi isiyooshwa, hata tambara bichi la jikoni. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 400 maishani mwake. Kwenye joto la digrii 25, yai linakuwa nzi kamili kwa siku 8 mpaka 10. Ndiyo maana wanaongezeka upesi Beni penye joto kuliko Butembo kwenye baridi ya milima. Dawa yangu iliua wazazi tu. Watoto walibaki ndani ya ndizi.

Nzi wa mfereji anafanana na kipepeo kidogo cha kijivu chenye manyoya. Anakaa ukutani pa kuogea, haruki mbali. Anazaliwa katika ute mweusi wa tundu la maji machafu. Angalia pia basini iliyo chini ya ndoo ya kunawa mikono. Ndoo hizo tulizizoea wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020. Kunawa kuendelee, lakini basini imwagwe na kusuguliwa kila jioni.

Yule mweusi, mwembamba, mwenye miguu mirefu, anatoka katika udongo wa vyungu vya maua. Acha udongo ukauke juu kabla ya kumwagia tena.

Nzi mkubwa wa chooni ni mwingine. Huyo hubeba vijidudu vya kuhara: funika tundu la choo, funika na chakula.

FANYA HIVI

1. Toa matunda yaliyooza. Osha kikapo na bidoni. Maganda yafukiwe mbali na mlango. Endelea hivyo wiki mbili, bila kuruka siku.

2. Usiku, paka mafuta ndani ya sashe nyeupe, funika nayo tundu la maji. Asubuhi ukikuta nzi wamenasa, umepata makao yao. Sugua ute kwa brosi na sabuni, kisha mwaga maji ya moto.

3. Tega kikombe chenye siki, au ndizi iliyoiva sana na maji, pamoja na matone ya sabuni ili wazame. Juu weka karatasi iliyokunjwa kama funeli. Lakini bila usafi, mtego ni mchezo paka.

Nanyi vijana kreseri wa Manguredjipa, msiache mabaki ya chakula kambini. Chimbeni shimo, mfukie kila jioni.

Dawa ya shamba isiingie jikoni, wala katika chupa ya kinywaji. Mtoto akiinywa, usimtapishe. Mkimbize kituo cha afya pamoja na chupa ile.

Na leo, kabla ya kulala, inua kikapo chako cha ndizi uangalie chini yake.